Kupima Masikio Kabla ya Mauzo ya Kwanza

Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari nilipotangaza kwamba nataka ubingwa wa masikio, pua na koo. Wenzangu walicheka. Nafasi ni chache, wakasema, na anayeomba bila utafiti wake huishia kuomba tena mwakani.

Daktari bingwa aliyenisimamia alinionyesha njia ya mkato: nichambue mafaili ya wagonjwa, niandike haraka, nipate jina. Nilikataa. Nilitaka kuwapima wanadi wa Kariakoo, vijana wanaoshinda milangoni mwa maduka huku spika ikiunguruma ubavuni mwao.

"Kariakoo siyo maabara," alisema. "Mafaili yapo."

"Dokta, masikio ninayoyatafuta hayajawahi kufunguliwa faili."

Akanipa masharti. Nipate mahali tulivu humo humo sokoni. Na kwa kuwa sikio lililotoka kwenye kelele hudanganya kipimo, nipime asubuhi, kabla spika hazijawashwa. Nikishindwa, nirudi kwenye mafaili.

Asubuhi ndipo nilipokwama. Kariakoo mtu hapendi kuulizwa maswali kabla hajauza kitu. Duka la kwanza nilisalimia, nikaanza kujieleza, mwenye duka akanikatisha: "Dada, sijauza hata pini, unanitia gundu." Duka la pili waliona koti langu jeupe, wakadhani nimetoka manispaa, wakashusha mlango nusu. Ningenunua kitu niuondoe huo mkosi wa asubuhi, lakini nilikuwa nimekula kiapo cha kutomvuta mtu yeyote kwa fedha ili nimpime. Nikirudi mchana, masikio yameshachoka.

Rafiki yangu alinisihi nichukue mafaili, niache ubishi. Sikuacha. Nililivua koti, nikawa nakuja alfajiri kutazama tu. Yule yule mwenye duka aliyesema namtia gundu nilimkuta kwa mama ntilie wa uchochoroni, kitumbua mkononi, anabishana kuhusu mpira na wanadi wake. Nikakaa pembeni yake, nikauliza habari za masikio yake. Akajibu mpaka chai ikapoa. Gundu ilikuwa ya dukani. Kwenye benchi la chai haikuwepo, na wanadi wake wakakubali kupimwa kabla ya kazi.

Bado mahali pa kupimia. Hapo nikakumbuka stoo ya shangazi yangu, muuza vitenge wa jumla humo humo Kariakoo, ambako utotoni nilikuwa nafanyia hesabu za shule kwa sababu kelele za mtaa hazikufika. Shangazi alinipa ufunguo huku akinitania kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nirudi kujificha nyuma ya marobota yake.

Dokta alikuja mwenyewe, na kipima kelele mfukoni. Marobota yalipanda hadi dari. Nilifunga mlango. Akatazama kipimo, akakigeuza, akakipeleka kona nyingine, akakitazama tena. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni. Tulijua kwa sababu sakafu ilitetemeka, siyo kwa kuusikia.

Alitafuta cha kukataa. Nilimwacha atafute.

"Wenzako watamaliza kabla yako," alisema hatimaye.

"Wamalize, Dokta."

Akasaini kibali cha utafiti wangu juu ya robota. Nilifungua mlango nikamwita mnadi wa kwanza, aliyekuwa anafuta mafuta ya kitumbua kwenye suruali. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu; niliita mara mbili, hakugeuka. Mara ya tatu Dokta mwenyewe aligeuka kumtazama.