Nakala ninayo, faiwoli sina

Jamani, leo nimeiua faiwoli ya hospitali kwa mikono yangu mwenyewe.

Ni kile kifaa kinacholinda mtandao wetu, na mtandao wote hupita humo. Kimezeeka, na programu yake ilipitwa na wakati hadi wadukuzi wangeweza kuingia watakavyo. Nikaomba ruhusa niisasishe.

Nikahifadhi kwanza nakala ya mipangilio yote. Nikaihakiki. Nikabonyeza.

Kikajizima ili kiwake upya.

Hakijawaka hadi sasa.

(Msiniulize kama nimejaribu waya mwingine. Nimejaribu.)

Nje alikuwepo mama kutoka Shume, amemleta mumewe. Picha ya kifua ilishapigwa, inasubiri kutumwa kwa daktari bingwa aliye mbali, kwa mtandao huohuo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeshaituma?"

"Bado mama. Mtambo umegoma."

Daktari wetu akaipiga picha kwa simu yake kutoka kwenye kioo cha kompyuta, akaituma. Bingwa akajibu kwamba haisomeki.

Nikampigia bosi. Akasema kifaa kipya hakimo kwenye bajeti, labda mwakani.

"Lakini si una nakala?"

Ninayo, bosi. Nzima kabisa. Sina pa kuirudishia.

Nikatoka kumwambia yule mama. Nilitaka anifokee, nafsi yangu ipate nafuu. Hakufoka. Alimfunika mumewe shuka mabegani, maana ukungu ulishaanza kushuka, akamshika mkono wainuke.

"Basi tuje lini, mwanangu?"

Nimesimama pale mlangoni.

Ninyi mngemwambiaje?