Josepha Anaaga Kampuni ya Bima

Josepha anauza vifungo, zipu na nyuzi Kariakoo. Kila Desemba hufunga duka akapanda basi kwenda Rombo kwa mama yake, akarudi Januari ikiwa imefika katikati. Kwake hilo si jambo la kumtangazia mtu. Karibu mtaa mzima ni watu wa Kilimanjaro, na Krismasi ikikaribia unabaki mweupe. Ndiyo maana siku alipokata bima ya duka, alipoulizwa kama huwa linaachwa bila mtu kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, alijibu hapana bila kupepesa macho; kwenda nyumbani hakukuhesabu kuwa ni kuliacha duka.

Mwanzoni mwa Desemba wakala wake wa bima, Nassibu, kijana wa Lindi, alipita kusalimia akakuta mabegi mlangoni.

"Shikamoo mama. Unahama?"

"Marahaba. Naenda nyumbani mpaka katikati ya Januari."

"Na dukani anabaki nani?"

"Kufuli."

Nassibu akavuta stuli. Alimweleza kwamba bima ni mkataba, ila si kama kununua zipu, ambapo mteja anaivuta mwenyewe akaona kama inakwama. Kampuni hailijui duka. Inajua alichosema Josepha tu. Ikigundua ilifichwa jambo ambalo lingeifanya ikatae au ipandishe ada, inaweza kuufuta mkataba mzima.

"Hata moto ukianzia kwa jirani?"

"Hata ukianzia kwa jirani. Hupati fidia."

"Mimi sikuficha. Kila mtu anajua Desemba tunaenda nyumbani."

"Kampuni siyo kila mtu, mama. Iambie leo, kabla hakijatokea kitu."

Josepha akapiga simu, akasema ukweli. Kampuni ikakubali, kwa sharti moja: abaki mtu mwenye ufunguo, akague duka kila siku. Akachungulia mtaani. Kulia wanaenda Rombo, kushoto wanaenda Machame. Anayebaki mjini ni Scholastika wa Masasi tu, wa duka la mkabala, naye muuza zipu. Hawajasalimiana tangu mafundi cherehani walipoanza kumkimbia Scholastika. Josepha aliumia kweli. Asipokwenda, mama yake ni mzee na Krismasi nyingine haina uhakika. Akienda bila kutimiza sharti, duka linalomlisha mama huyohuyo halina bima. Akavuka barabara.

Scholastika alimsikiliza huku akipanga vifungo, bila kuinua kichwa.

"Nitakaa na ufunguo," alisema. "Lakini nieleze kila kitu cha duka lako. Sitaki kuja kulaumiwa."

Josepha akaeleza. Mlango wa nyuma unataka kusukumwa kwa bega. Bomba la ghorofani linavuja upande wa nyuzi. Kisha akautoa ufunguo, akauweka kando ya vifungo.

"Na ni mimi niliyewaambia mafundi kwamba zipu zako zinakatika."

Scholastika akanyoosha mkono, akachukua ufunguo.

"Hilo nilijua," alisema. "La bomba ndilo sikujua. Niachie beseni."