Velma Pitre na Wagonjwa wa Kwenye Mtihani

Hapa Pointe Savoie, mji wetu mdogo wa Louisiana, ukitaka kujua nani ana sukari, nani damu yake imepungua, na nani amerudia chupa baada ya kuapa mbele ya padri, muulize Velma Pitre. Hatakuambia, lakini anajua. Kwa miaka mingi alikuwa akiwatoa watu damu katika hospitali yetu ndogo, kisha akachoka kuwapelekea watu wa maabara sampuli na kubaki mlangoni. Akaanza kusoma jioni. Alichukua digrii yake akiwa na miaka arobaini na sita, ndani ya joho lililomzidi urefu, na picha ya siku hiyo inamwonyesha akilikunja kwa mkono mmoja kama mtu anayevuka dimbwi.

Lakini Louisiana haitosheki na joho. Ili jimbo likupe leseni ya kupima sampuli za wagonjwa, ufaulu kwanza mtihani wa bodi ya taifa. Cheti chake ndicho unachopeleka jimboni kuthibitisha kwamba unaweza kazi. Velma alikuwa akifanya kazi kwa kibali cha muda, na kibali kilikuwa kinaisha mwishoni mwa Juni. Kikiisha kabla ya leseni kuja, angeiaga hadubini na kurudi kutoa watu damu tu. Maabara ya usiku nayo ingefungwa, maana hapakuwa na mwingine wa kuishika.

Mara ya kwanza alianguka. Kuanguka kwenyewe kungevumilika, kama asingekuwepo mama yake wa ubatizo, Nanan Ozite. Bibi huyo alinunua kwa ajili ya sherehe magunia mawili ya kamba wa maji baridi, wale wanaofugwa kwenye mashamba ya mpunga, asubuhi ileile ya mtihani, na kamba walio hai hawangoji matokeo ya mtu. Velma aliporudi kutoka Baton Rouge, alikofanyia mtihani, alikuta sufuria linachemka na majirani wameshatandaza mezani magazeti ya kumwagia kamba. Hakuna aliyejua ampe hongera au pole. Wakala kwa adabu kubwa, vichwa chini, mpaka gunia la pili likaisha. Jirani mmoja alipoaga alisema kwamba misiba mingi aliyohudhuria haikuwa na chakula kizuri kama kile.

Mkuu wa maabara, Bwana Guillory, mtu mpole asiyependa kupandisha sauti, akaamua kumfanyisha mazoezi wakati wa chakula cha mchana. Alifungua kitabu cha maswali akasoma: mwanamume wa miaka sitini, amechoka, chembe nyekundu za damu ni kubwa kupita kawaida, na chembe nyeupe zina viini vilivyogawanyika mno. Tatizo ni nini?

"Ovide," Velma akasema huku akitafuna.

"Ovide gani?"

"Yule muuza chambo. Hiyo ni wiski, bosi. Damu yake iko hivyo tangu mkewe amkimbie."

Guillory akamweleza kwa upole kwamba kitabu kilichapishwa mbali sana na duka la Ovide, na kwamba jibu lilikuwa upungufu wa vitamini B12, maana vile viini ndivyo vilivyotoa habari. Akaendelea. Potasiamu imepanda sana, kalsiamu imeshuka sana, na mgonjwa mwenyewe ni mzima, hana dalili yoyote. Velma hakusita hata kidogo. Alisema hiyo ni kazi ya muuguzi Darlene, amemimina tena damu ya chupa moja kwenye nyingine, dawa ya kuzuia damu isigande ikaingia ndani. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, ila Darlene hakuwamo kitabuni, na Guillory hakujua ampe alama au amwite Darlene.

Ndipo ugonjwa wa Velma ulipojulikana. Alikuwa anajua mambo yote yaliyotakiwa, lakini kila mgonjwa wa mtihani alimgeuza kuwa mtu wa Pointe Savoie, akamjibia kwa kumbukumbu. Nanan Ozite, aliyekuwa amewaletea wali na mchuzi na kukaa kusikiliza mambo yasiyomhusu, ndiye aliyetoa dawa.

"Wapeleke Texas," akasema.

"Nani, Nanan?"

"Wagonjwa wako wote. Texas humjui mtu, na hutaki kumjua. Mtu wa Texas mtazame damu yake tu, umalize."

Guillory alisema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajasikia njia bora kuliko hiyo.

Velma alirudi Baton Rouge mwezi Mei. Maswali yalianza polepole, kisha yakapanda kama maji ya mafuriko. Alipofika katikati alikuwa anatoka jasho, amesahau alivyoambiwa, kwamba kompyuta ya mtihani humwongezea ugumu yule anayejibu vizuri. Alijiona anazama. Akaja mzee mwenye figo mbovu, akafanana mno na padri wetu wa zamani. Velma akampeleka Texas bila huruma, akasoma namba zake upya, akajibu. Baada yake akasafirisha mjamzito mmoja na watoto wawili mapacha.

Kioo cha kompyuta kilipoandika kwamba amefaulu, alibaki ameketi hadi msimamizi akaja kumuuliza kwa kunong'ona kama anajisikia vibaya. Alisema hapana, akainuka akaenda zake.

Bodi ya taifa ilithibitisha matokeo, jimbo likapokea, na leseni ikafika kibali kikiwa bado hai. Guillory hakupoteza muda. Alipanga ratiba ya Julai na kumpa Velma zamu za usiku, hata usiku wa tarehe nne, sikukuu ya uhuru, ambao mji mzima huwa ukingoni mwa mto kutazama fataki. Velma, ambaye sasa alitoa damu na kuipima mwenyewe, alilalamika wiki nzima, kwa kila aliyekunja mkono wa shati mbele yake, na kila mmoja aliondoka na pamba mkononi akisema hajapata kumwona mtu anayelalamika huku amenawiri vile.