Kambare wa Nyumba Yenye Msafiri

Nilipokuwa mtoto ambaye bado haruhusiwi kushika ndoano, baba alinichukua kila Jumapili kwenda kuvua kambare katika bwawa moja nje kidogo ya Johannesburg. Ulikuwa mwezi wa Mei, majani yakipukutika na nyasi zikigeuka rangi ya majani makavu ya chai. Mama alikuwa Kigoma, alikokwenda kumuuguza bibi. Baba, mlinzi wa jengo la maduka, alikuwa ameniambia kwamba mama angerudi kabla baridi haijakaza. Mimi niliichukua kauli hiyo kuwa ahadi, na kila Jumapili niliipima baridi kwa vidole vyangu.

Tulivua tukiwa ukingoni. Baba alifunga maini ya kuku kwenye ndoano kwa uzi wa kushonea, akarusha mbali, akaiacha chubwi ya risasi izame hadi kwenye tope, kisha tukakaa kimya. Maji yakipoa kambare huwa mzito. Hukionja chambo kwa muda mrefu kabla ya kukimeza, na mvuvi mwenye papara hurudi nyumbani na ndoano tupu. Baba hakuwa na papara. Akivua, alimtia samaki kwenye ndoo, akaifunika kwa gunia, nasi tukapanda teksi kurudi Hillbrow.

Kambare hao hatukuwala. Kwa watu wa kwetu, nyumba yenye msafiri haili samaki asiye na magamba, kwa maana ukimla, njia ya msafiri inateleza asiweze kurudi. Hivyo ndivyo bibi mzaa baba alivyomfundisha baba, na hivyo ndivyo baba alivyonifundisha mimi, bila kuniambia kama anaamini au haamini. Ndoo iliishia mlangoni kwa jirani yetu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, aliyeipokea kwa sauti iliyosikika ghorofa nzima.

“Baba Zuhura, leo tena? Eish! Bibi yako, mama Zuhura, akirudia, sisi tutakula nini?”

“Mtakula kuku, Mama Furaha.”

“Kuku wa wapi? Muache akae kidogo huko!”

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliona ni utani wa hatari.

Jumapili ya mwisho ninayoikumbuka ilikuwa na upepo mkali, na ukingoni hapakuwa na mtu mwingine. Baba alivua kambare mmoja tu, mkubwa, aliyetoa ule mkoromo wao alipovutwa nchi kavu. Tulipofika ghorofani, Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Baba alimsalimia, akapita.

“Baba, umepita mlango,” nilisema.

“Huyu ni wetu.”

“Na mama je?”

Alikuwa akitafuta ufunguo mfukoni. “Mama hayuko safarini tena, Zuhura.”

Mlango ulipofunguka nilimpita mbio. Nilitazama nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu, nikatazama jikoni, nikagonga mlango wa bafu kabla ya kuusukuma. Baba alinikuta hapo, ndoo ingali mkononi.

“Amebaki Kigoma,” alisema. “Aliomba tuachane. Jana tumeachana.”

Kisha alimpika kambare kwa nyanya na vitunguu, akapakua sahani mbili. Yangu sikuigusa, wala hakunilazimisha. Yeye alikula polepole, akipanga mifupa ukingoni mwa sahani, mgongo wake ukielekea mlango. Nyuma ya ukuta nilimsikia Mama Furaha akiwanyamazisha wanawe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba samaki yule ndiye aliyeifunga njia. Nilipokwenda kusomea sheria niliichambua imani hiyo kama nilivyofunzwa. Talaka ilitangulia, samaki akafuata. Tokeo haliwezi kukizaa chanzo chake. Aidha, wiki zote tulizojinyima hazikumrudisha mama. Tangu hapo nimekwenda kumwona Kigoma. Ana nyumba nyingine na watoto wengine, na hunipokea vizuri, kama mgeni. Kambare nimemwachia huru. Lakini uchambuzi huo haukueleza kwa nini baba, aliyejua tangu Jumamosi, alihitaji kumvua samaki ndipo aseme. Na haukuniondolea jambo moja: kwake mama alikuwa amekwisha kuwa si msafiri, kwangu mimi, mbele ya sahani ile, alikuwa bado yuko njiani.

Sasa ninaishi Randburg, peke yangu, na kesi hunipeleka Cape Town mara kwa mara. Hukaa hotelini nikiwaza kwamba hakuna hata mtu mmoja anayejua kama nimeondoka au nimerudi. Baba yuko Hillbrow katika chumba kilekile, na Mei ikifika bado huenda bwawani. Mwaka huu, niliporejea kutoka safari moja, nilipita kumjulia hali. Mama Furaha, ambaye sasa hupanda ngazi kwa kupumzika, alinikuta mlangoni.

“Zuhura, umerudia? Basi, samaki yangu imeisha tena!”

Nilimuuliza baba maana ya maneno hayo. Alikuwa akifuta ndoano zake kwa kitambaa.

“Mambo hayo mimi siyaamini,” alisema.

“Mbona unampa Mama Furaha kambare ninapokuwa safarini?”

“Nakuwa sina njaa.”

Jibu hilo lisingesimama mahakamani, na sikulihoji. Sina ushahidi wowote kwamba njia zangu zimewahi kuwa kavu, zisiteleze, kwa ajili ya kujinyima kwake.

Jumapili iliyofuata tulikwenda sote ukingoni. Alivua mmoja, nasi tukapita naye mlango wa Mama Furaha bila kusimama. Baba alipakua sahani mbili, na safari hii nilikula.