Semina ya Bahari Chini ya Mlima wa Moto

Mpaka leo nikimsikia kiongozi akitamka neno "maandalizi" mkutanoni, damu inanichemka. Watu husema ningekuwa nimeshasahau. Sijasahau, na sitaki kusahau.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya bweni huko Malambo, mwanamke peke yangu kati ya walimu. Kwetu ni Rhotia, kwenye baridi, udongo mwekundu na mahindi. Kule chini nilikuta vumbi na ng'ombe, na upande wa mashariki Oldonyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Kwa wiki kadhaa ulikuwa unafuka moshi. Wazee walikumbuka jinsi ulivyowahi kutapika majivu, na wanafunzi wangu walizoea kuniuliza, "Mwalimu, ukipasuka tutakimbilia wapi?" Sikujua. Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda Karatu kwenye semina ya kujikinga na majanga, nilifurahi kweli.

Nilisafiri na jirani yangu, mama wa Kimaasai niliyekuwa nikimwita yeyo, yaani mama, kwa sababu ndiye aliyenipokea nilipofika Malambo sijui hata kukamua mbuzi. Yeye alikwenda kama mjumbe wa akina mama.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na chai yenye sukari, na mwaka ule sukari ilikuwa haionekani madukani, kwa hiyo kila mtu alikuja na furaha. Mkufunzi alikuwa kijana wa mjini, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Akatundika picha ukutani: kisiwa, minazi, na wimbi refu kuliko nyumba.

"Mkiona bahari inarudi nyuma ghafla," alisema, "msiende kuokota samaki. Acheni kila kitu, kimbilieni mlimani."

Nilidhani ni mfano tu. Asubuhi nzima ikaisha tukiwa bado baharini. Kijitabu alichokuwa anakisoma kiliandikiwa watu wa visiwani, mwenyewe alitueleza hivyo bila haya. Si kwamba mafunzo yale yalikuwa mabaya. Mtu wa kisiwani yangemwokoa. Lakini sisi tulikuwa tumekaa Karatu, na kati yetu hapakuwa na aliyewahi kuiona bahari.

Yeyo akasimama. "Kijana, kwetu mlima ndiyo iko na moto. Wewe nasema mimi kimbia mlimani. Mimi nakimbilia moto?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mkufunzi naye akacheka, kisha akasema, "Mama, cha msingi ni kusubiri maelekezo ya viongozi. Msitawanyike ovyo."

Nikanyoosha mkono. Nikamweleza kwamba tangi la shule yetu linakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, na halina mfuniko. Majivu yakianguka watoto watakunywa nini? Akajibu kwamba swali langu ni zuri ila liko nje ya mada, na kwamba atalifikisha panapohusika. Tukapigwa picha ya pamoja, tukarudishwa nyumbani.

Mlima haukusubiri swali langu lifike panapohusika.

Ilikuwa asubuhi, tuko darasani. Mwanga ukafifia kama jioni, na kitu kikaanza kunyesha juu ya bati, laini, bila kelele za mvua. Watoto wakakimbilia nje wakidhani ni baraka. Walirudi wanalia, wanafikicha macho. Majivu yale yalikuwa na ukali wa magadi. Yaliwasha macho, yalichoma koo, yalifunika nyasi zote mpaka hukujua njia ilipo. Mimi na mpishi wetu tulipanda kung'oa mfereji wa bati unaoingiza maji tangini, lakini upepo ulikuwa umeshamwaga majivu kupitia juu. Kesho yake maji yalikuwa yanateleza mkononi kama ya sabuni. Lambo la ng'ombe nalo lilikuwa limefunikwa na tabaka la kijivu.

Mwalimu mkuu alikwenda kituo cha polisi kuzungumza na wakubwa wa wilaya kwa redio ya upepo. Alirudi na majibu: kaeni mlipo, wataalamu wako njiani, mwanafunzi yeyote asiondoke shuleni. Kuhusu maji aliambiwa hakuna petroli ya kuleta hata pipa moja.

Tukakaa. Tulichuja maji kwa kanga zangu, tukayachemsha, na bado watoto walitapika. Kulikuwa na msichana wa darasa la kwanza, mdogo, mwenye pengo mbele, aliyependa kushika sketi yangu nikiwa zamu. Yeye alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Nilimpakata siku nzima nikimdondoshea matone ya maziwa aliyoleta yeyo, na hayakukaa tumboni. Alifia mikononi mwangu. Moto wa mlima haukumgusa. Alikufa kwa kukosa maji ya kunywa, huku serikali nzima ikijua tulipo.

Tulipomaliza kumzika, yeyo alifika getini na punda wawili. Ndama wake walikuwa wamekufa kwa kula nyasi zenye majivu, na sasa alikuja kumchukua mjukuu wake wa darasa la tano.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu.

"Iko," aliitika, lakini macho yake yalikuwa kwa mwalimu mkuu. "Nataka mtoto yangu. Tunakwenda Digodigo. Kule maji inatoka kwenye mwamba."

"Mama, sina ruhusa ya kumtoa," alisema mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mwoga wa wakubwa. "Nimeambiwa asiondoke hata mmoja."

"Huyu mmoja ameondoka," yeyo alisema, akionyesha kaburi.

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. Mimi hasira zilinipanda. Nilimwambia, "Shikamoo, mwalimu mkuu, na unisamehe. Mimi nawatoa wote." Nikaenda bwenini, nikawaambia watoto wabebe mashuka. Hakunizuia, wala hakunisaidia.

Tulitembea na akina mama wa maboma ya jirani, wadogo wakiwa juu ya punda, wakubwa wamefunga vitambaa puani. Tulilala njiani. Akina mama walikuwa na wasiwasi, maana kati yao na watu wa Digodigo kulikuwa na ugomvi wa mifugo wa miaka mingi. Lakini tulipofika kwenye mifereji ya mashamba yao, wanawake wa pale walitutazama tulivyokuwa, weupe kama maiti, wakaweka majembe chini na kutuletea maji vibuyuni. Watoto walikunywa, wakakaa, wakanywa tena. Hakuna mwingine aliyekufa.

Wataalamu walifika shuleni tulipokuwa tumeshaondoka. Mpishi ndiye aliyenisimulia. Walikuja na Land Rover, kwa hiyo petroli ilipatikana. Waliupiga mlima picha, kisha wakamwomba maji ya kuoshea kioo cha gari.

Mimi niliitwa wilayani. Nyuma ya meza walikaa wanaume watatu, na mmoja akaniuliza, "Nani alikupa ruhusa ya kuhamisha wanafunzi?"

"Ningemwomba nani?" nilisema. "Nyinyi mlisema tusubiri. Tulisubiri, tukazika."

"Jibu swali, mwalimu."

"Nimeshajibu."

Nilipewa onyo kali, nikahamishiwa Rhotia. Mwalimu mkuu alisifiwa kwa utulivu wakati wa janga.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa mnadani Karatu nikinunua maharage, mwanamume wa Kimaasai akanisogelea, fimbo mkononi. Alikuwa baba wa yule msichana. Wakati wa majivu alikuwa mbali, akiwatafutia ng'ombe malisho, na hakuna aliyemweleza vizuri. Akaniomba nimweleze mimi. Nilimweleza yote, tumesimama pale katikati ya kelele za madalali, bila kuficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Walikuwa wanasubiri nini?" aliuliza.

"Maelekezo ya wakubwa," nilimwambia. Akanishika mkono, akaushikilia kwa muda mrefu, kisha akarudi kwa ng'ombe wake.