Vifungo Kumi na Vinane na Mkungu wa Ndizi

Usharika wetu kule Iringa ulikuwa na gauni moja la harusi. Nasema moja si kwa sababu mengine yalikuwa yamechakaa. Lilikuwa hilo tu. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, liliachwa na mke wa mmisionari aliporudi kwao. Kila binti aliyefunga ndoa pale kanisani miaka ile ya hamsini alilivaa, akalifua kwa mkono wake, akalirudisha kwa mke wa mwinjilisti aliyelitunza sandukuni. Dada zangu wawili walikwisha kulivaa. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nina mchumba Mbeya, seremala mwenye mwandiko mzuri, na furaha ilikuwa imenijaa hata nikawa nacheka peke yangu jikoni.

Tatizo ni kwamba si furaha peke yake iliyokuwa imenijaa. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana, na sisi wapishi tulijitetea kwamba mpishi asiyeonja si wa kuaminika. Miaka mitatu ya kuonja maharage ya wasichana haiendi bure. Watu walinisifu. Akina mama walinisimamisha barabarani, wakaniminya mkono, wakasema huyo bwana atajua kweli ameoa. Mimi na mwili wangu hatukuwa na ugomvi wowote, mpaka siku niliyolijaribu gauni.

Lilikuwa na vifungo kumi na vinane mgongoni, kuanzia shingoni hadi chini ya kiuno. Mke wa mwinjilisti alinisimamisha chumbani kwake akawa anafunga na kuhesabu kwa sauti, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alipofika cha kumi na kimoja akanyamaza. Nilivuta pumzi nikashikilia kitanda chake kwa mikono miwili. Vile saba vya chini havikusogelea hata matundu yao.

"Mama, si tuongeze kitambaa kidogo hapa ubavuni?"

"Hii gauni haiongezwagi," alisema, "wala haipasuliwagi. Nikikuongezea wewe, atakayekuja nyuma yako itampwaya. Ikikukataa, utavaa kitenge. Ndoa ni ileile."

Nililivua kwa hasira. Nilipoligeuza niliona baadhi ya vifungo vimeshonwa kwa nyuzi za rangi, kimoja nyekundu, kimoja bluu, vingine nyeusi, juu ya kitambaa cheupe namna ile. Nikasema moyoni kwamba mama mkali kiasi hiki angalau angejua kulinganisha uzi. Kisha nikalia njia nzima mpaka nyumbani. Ndoa ni ileile, nilijua, lakini ukimwondoa seremala sikuwahi kutaka kitu duniani kama nilivyolitaka gauni lile, na harusi ilikuwa wiki nane mbele.

Kesho yake nilikwenda zahanati nikijifanya kichwa kinauma. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alikuwa kijana mpole, alinitazama kidogo tu.

"Dada, kichwa chako kizima. Sema shida yako."

Nikasema. Hakucheka, na kwa hilo nimemwombea heri mpaka leo.

"Kula mboga za majani na matunda kwa wingi," alisema. "Ugali na mafuta upunguze."

Ile nusu ya kwanza niliisikia vizuri sana.

Jioni ileile nilichuma majani ya maboga na mnafu, kapu zima. Nikayapika kwa karanga za kutwanga, maana kwetu majani bila karanga ni adhabu. Yakawa matamu kupita kiasi. Sasa, mboga ikiwa tamu ugali hauwezi kuwa mdogo, ungeilaje? Nikasonga mwingine. Nikala nikisikia mwili unapungua papo hapo, nikalala na amani ya mtu aliyetii daktari.

Nikamwandikia mchumba wangu barua kwamba tangu sasa nakula mboga na matunda. Sababu sikuitaja, niliona haya. Mtu anayeishi Mbeya, ambako ndizi na maparachichi huteremka kutoka Tukuyu kila kukicha, huwezi kumwandikia neno matunda ukategemea akutumie salamu peke yake. Haukupita muda lori likasimama mbele ya shule, na dereva akashusha mkungu wa ndizi na gunia la maparachichi.

"Mzigo wako, shemeji," akasema. "Tulikwama Nyololo siku mbili, matope mpaka magotini. Ndizi zimeiva zote kwa pamoja. Ule haraka."

Ndani ya mzigo mlikuwa na barua. Aliandika: "Mpenzi, nami nimeanza kula unachokula wewe, ili tuwe mwili mmoja hata kabla mchungaji hajasema." Niliisoma mara tisa. Nikaificha kifuani, nikala ndizi sita kwa heshima yake, na parachichi moja la kupondwa kwa sukari. Mzigo wa pili ulikuja, na wa tatu. Yote yalikuwa matunda, na mimi nilikuwa mtiifu.

Jumapili ya nne baada ya ibada nilikwenda kujaribu gauni, nikitembea kwa maringo. Mke wa mwinjilisti akahesabu. Akaishia tisa.

"Mwenzetu, mbona unarudi nyuma?" aliuliza.

Nyumbani nilimkuta bibi yangu, mama yake baba, mama mkongwe aliyebakiwa na meno matatu na maneno yote. Nikaketi miguuni pake nikamwaga machozi na habari. Alinisikiliza, kisha akaniambia nipakue nile mbele yake. Nikapakua: mlima wa ugali, na pembeni bakuli la majani ya karanga. Akatazama mpaka nikamaliza.

"Mke mwenzangu," akasema, "ng'ombe anakulaga nini?"

"Majani, bibi."

"Ni mwembamba?"

Nikaisogeza sahani kando.

"Halafu yeye hata ugali hali. Wewe majani umeyafanya ngazi, ugali unashukia hapo. Ukiongeza ngazi, ugali nao unaongezeka. Hujapunguza kitu, umeongeza tu. Na ndizi sita si tunda, ni chakula cha mchana."

Wajukuu zangu siku hizi hutoka hospitali na karatasi wakiniuliza kama kweli mboga na matunda hupunguza mwili. Huwajibu kwa maneno ya bibi: hupunguza, lakini kwanza niambie yameingia sahanini badala ya nini. Yakija juu ya vyote vilivyokuwapo, hayo ni wageni tu, na wageni nao hula.

Bibi akageuza meza. Majani yakawa yanachemshwa kwa nyanya na chumvi, sahani nzima, na ugali ndio ukakaa pembeni kama mboga: tonge moja la kula na moja la kuaga. Karanga alizifungia, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Ndizi niliruhusiwa moja kwa siku na parachichi nusu bila sukari. Mizigo mingine yote ya seremala ilikwenda kwa wasichana wa bweni, ambao walianza kumtaja kwenye sala ya chakula. Mapera nilikula nilivyotaka, na matango pia. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira ya nyoka. Nilimgombeza kuku. Wiki ya pili nilishangaa kujikuta napandisha mlima wa kisimani huku naimba, na ndoo ya maji kichwani haimwagiki. Mchumba sikumweleza lolote, nilitaka ashangae.

Kumi na viwili. Kumi na vitano. Kumi na saba. Siku moja kabla ya harusi mke wa mwinjilisti alikaza midomo, akavuta, akafunga cha kumi na nane. Nilitamani kuruka, lakini mikono yake ilikuwa bado kiunoni mwangu.

"Taratibu," alisema. "Na usipige chafya."

Asubuhi ya harusi niliingia kanisani kwa hatua ndogondogo, nimenyooka, naona watu wakinong'ona kwa kijicho, na raha niliyoisikia sikuwahi kuisikia tena maishani, hata nilipojifungua. Nikafika mbele. Seremala wangu akageuka.

Alikuwa amenenepa. Mashavu yalikuwa yamejaa, shingo imepotea ndani ya kola, na koti aliloshonewa Pasaka lilikuwa wazi mbele kama kabati lisilofungika ambalo yeye mwenyewe alikosea vipimo vyake. Ameshika kitabu cha nyimbo tumboni ili kuficha. Wiki nane alikuwa amekula nilichokula mimi, kwa kadiri alivyojua yeye: mikungu ya ndizi na maparachichi, kila siku, kwa ajili ya mapenzi. Aliniangalia kiuno, akaangalia tumbo lake, akaninong'oneza:

"Mbona wewe hukula?"

Nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka kutoka tumboni, mbele ya mchungaji na usharika wote. Nikasikia kitu kinakatika mgongoni, kisha sauti ndogo ya kifungo kikigonga sakafu na kubingirika mpaka kwenye kiatu cha mke wa mwinjilisti. Nikaziba mdomo kwa mkono. Aliinama akakiokota, na mimi nilikubali kuolewa huku jicho moja liko kwake.

Ibada ilipokwisha alinishika mkono akaniingiza chumba cha nyuma cha kanisa, akafunga mlango. Nikaanza kuomba radhi.

"Geuka," alisema. Akafungua kikopo cha nyuzi. "Huu mwekundu ni wangu. Hapa kwetu mimi ndiye wa kwanza kulivaa, nikapiga chafya kabla hata hatujatoka nje. Wa bluu ni wa dada yako mkubwa, alicheza. Mweusi ni wa wengi, hata siwataji." Nilisikia kidole chake kikipita juu ya kila kifungo. "Ikirudi bila kifungo kukatika, hukuifurahia. Haya, chagua uzi wako."

Nikachagua wa kijani, kwa heshima ya mnafu na majani ya maboga. Alishona polepole, akakata uzi kwa meno, akanipigapiga mgongoni.

"Sasa toka ukale," alisema. "Mumeo anakusubiri, na wali unapoa."