Mapipa ya Mama Nyota

Mtaa wetu wa Waislamu hapa Kisangani ulimwita Mama Pipa, na mimi jirani yake nilicheka kama wengine. Jina lake hasa ni Nyota, mke wa Zuberi fundi cherehani.

Mwaka wa uhuru, Wazungu wa mitambo ya maji walipokimbia, mabomba yalikauka tukanywa maji mabichi ya mto. Nyota alimzika mwanawe wa pekee kwa kuhara. Sisi wengine tulisahau upesi, maana bomba likirudi na akili hulala. Yeye alinunua mapipa, akayasugua kwa majivu, akayajaza maji yaliyochemka na kuyafunika kwa kitambaa. Kila mara aliyamwaga akayajaza upya. Kisha akazunguka nyumba kwa nyumba kututangazia sheria: siku ya shida maji hayo ni ya kunywa tu, mtoto kwanza, halafu mwenye mimba na mgonjwa. Hata kutawadha, hapana.

"Akiba haiozi," alisema.

"Maji inaoza, mama!" tulimjibu, tukicheka mpaka machozi.

Mwaka sitini na saba mamluki wakaasi. Mabomba yakakauka tena, mvua ikagoma, na njia ya kwenda mtoni ikawa ya risasi. Watoto wa barabara yetu, avenue nzima, wakapanga mstari mlangoni kwa Nyota, na binti yangu Madina akiwemo. Alipima kwa upawa wake, hakumpendelea mtu, wala hakutukumbusha kicheko chetu.

Lilipobaki pipa moja, Zuberi akafa kwa homa. Papa Jafari, mwalimu wa msikiti, alikuja kumwosha, pamoja na Hadidja, dada wa marehemu.

"Mama Nyota, tupatie maji ya kunawisha Papa Zuberi," alisema mwalimu.

"Hapana, papa. Ile maji iko ya batoto."

Hadidja akapiga kelele: "Ni bwana yako! Ulimufulia nguo miaka yote, leo unamunyima maji?"

"Niko najua ni bwana yangu," Nyota alijibu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. "Nikifungulia Zuberi, kesho batoto banakunywa nini?"

Sisi akina mama tuliokuwepo tulilitazama lile pipa. Kila mmoja wetu alikuwa na mtoto.

Papa Jafari aliinamisha kichwa. "Bon, sawa. Kama maji iko ya kunywa tu, Mungu alituachia udongo." Akapiga viganja vyake juu ya udongo safi, akampangusa Zuberi uso, kisha mikono. Ilikwisha upesi mno. Nyota alitazama mpaka mwisho, ndipo akaenda kushika upawa, na watoto wakanywa.

Hakuna mtoto wa avenue yetu aliyekufa kwa kiu wala kwa kuhara katika vita vile. Lakini Hadidja hakumsalimia wifi yake tena, hata siku za Idi.

Nyota alifariki uzeeni, wakati bomba uani kwake linatiririka. Tulipokuwa tunajiandaa kumwosha, Hadidja akaingia, mzee wa kutetemeka, na ndoo ya maji kichwani aliyoibeba kutoka kwake. Tukamwambia maji yapo.

Akaitua karibu na kichwa cha wifi yake.

"Hii ni maji ya Zuberi, ile alikosa," alisema. "Munawishe nayo bibi yake."

Nililia, nikamimina.